Usinunue Betri Kabla ya Kupima



Juma hili tuzungumze juu ya jambo linalowasumbua wengi wenye gari vijijini, nalo ni betri isiyoshika chaji. Pikapu inayopeleka mahindi na kahawa sokoni ndiyo hiyo hiyo inayomkimbiza mgonjwa hospitali usiku wa manane. Kwa hiyo gari likikataa kuwaka, taabu si ya mwenye gari peke yake.

Tazameni jinsi mambo yanavyokwenda mara nyingi. Asubuhi gari haliwaki. Vijana wanaitwa, wanasukuma, linawaka. Kesho yake ni vilevile. Siku ya tatu mtu mmoja anasema, "Betri imekufa," na wote wanaitikia. Fedha iliyowekwa kwa ada ya shule inatolewa sandukuni, betri mpya inanunuliwa. Kwa juma moja au mawili gari linawaka kwa mara moja, na kila mtu anafurahi. Kisha betri mpya nayo inaanza kulegea kama ile ya kwanza.

Je, nayo imekufa? La, sivyo. Huenda hata ile ya kwanza haikuwa imekufa. Ugonjwa ulikuwa mahali pengine, na dawa ikatiwa pasipouma. Ada ya mtoto imekwisha kwenda, na gari bado linasukumwa.

Basi leo tujifunze kupima wenyewe, nyumbani, kabla ya kutoa fedha. Haihitaji kuwa fundi. Yahitaji macho, uvumilivu, na mita ndogo ya kupimia umeme, ile ya mkononi inayouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri, na majirani kadhaa waweza kuchanga wakanunua moja.

GHALA NA MKULIMA

Betri ya gari ni kama ghala. Ndani yake mna vyumba sita, na katika kila chumba mna sahani za risasi zilizozama katika maji yenye asidi. Aliyevumbua betri ya namna hii ni Mfaransa Gaston Planté, mwaka 1859, na mpaka leo magari mengi yanaitumia. Kila chumba hutoa kama volti 2.1, vyumba sita pamoja hutoa kama volti 12.6. Hapo betri imeshiba.

Mlaji mkubwa wa ghala hili ni stata. Hula kwa pupa, lakini kwa sekunde chache tu. Mkulima ni altaneta, ambayo huzungushwa na injini kwa mkanda. Injini ikisha kuwaka, altaneta hulisha taa, redio na vyombo vingine vyote, na kinachozidi hukipeleka ghalani kurudisha kile kilicholiwa na stata. Magari ya zamani, yale ambayo wazee wetu waliweza kuyawasha hata kwa hendeli, yalikuwa na dinamo badala ya altaneta, lakini kazi ni ile ile.

Basi ukikuta ghala ni tupu asubuhi, sababu ni mojawapo ya hizi nne, au mbili kwa pamoja:

Kwanza, ghala lenyewe limeoza. Yaani betri imechakaa, haiwezi tena kuweka akiba.

Pili, mkulima haleti mavuno. Yaani altaneta haichaji, au mkanda wake umelegea.

Tatu, njia ya kwenda ghalani imeziba. Yaani vichwa vya betri vina ukungu na kutu, au waya umelegea.

Nne, panya wanakula usiku. Yaani kuna kitu kinachonyonya umeme wakati gari limezimwa.

Angalieni sana: betri mpya huponya ile sababu ya kwanza tu. Kwa hizo tatu nyingine, kununua betri ni kumwaga mahindi mapya katika ghala lenye panya.

KABLA YA KUGUSA

Betri si kitu cha kuchezea. Inapochajiwa hutoa hewa iitwayo hidrojeni, nayo hulipuka kwa cheche ndogo tu. Kwa hiyo usivute sigara karibu yake, wala usiinamie betri na kibatari au kiberiti ili kuangalia maji yake usiku. Tumia tochi.

Maji ya ndani yana asidi kali. Yakikurukia jichoni, osha mara moja kwa maji safi mengi, uendelee muda wa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Usitie dawa nyingine jichoni.

Vua pete na bangili. Spana isiguse vichwa vyote viwili kwa pamoja, kwa maana itatoa cheche na kukuunguza. Ukitaka kufungua nyaya, zima injini, ufungue kwanza ule wa hasi, wenye alama ya kutoa. Ukirudisha, huo wa hasi uwe wa mwisho. Na injini ikiwa inazunguka, weka mbali ncha za khanga, mikono mirefu ya shati, nywele ndefu, na watoto wote.

MACHO NDIYO KIPIMO CHA KWANZA

Dalili ya mvua ni mawingu. Kabla ya kushika mita, tazama mambo matatu.

La kwanza ni taa nyekundu yenye picha ya betri, mbele ya dereva. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa hiyo lazima iwake. Injini ikiwaka, lazima izimike. Ikibaki inawaka, gari linakuambia wazi kwamba mkulima hafanyi kazi. Na kama haiwaki kabisa hata swichi ikifunguliwa, usifurahi. Pengine taa yenyewe imeungua au waya wake umekatika, na katika magari mengi umeme unaopita katika taa hiyo ndio unaoiamsha altaneta. Taa ikifa, altaneta nayo yaweza kulala.

La pili ni mkanda. Injini ikiwa imezimwa, ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya magurudumu mawili. Katika magari mengi wafaa kubonyea kama sentimeta moja. Ukibonyea sana, umelegea; unateleza badala ya kuzungusha. Ukiwa unang'aa kama kioo, au una nyufa, umechoka. Mkanda unaolia kwa sauti kali wakati wa kuwasha gari au kuwasha taa unakuomba msaada. Tena katika magari mengi mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji, hivi kwamba ukikatika safarini injini huchemka. Bei ya mkanda ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya injini.

La tatu ni vichwa vya betri. Mara nyingi utaona unga mweupe au wa kijani umejikusanya hapo. Jaribu kutikisa kibanio cha waya kwa mkono: kikizunguka, kimelegea. Fungua nyaya, osha vichwa na vibanio kwa maji ya moto yaliyoyeyushwa magadi, kwa maana magadi huua asidi. Lakini angalia yasiingie ndani ya betri. Kausha, sugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae, funga kwa nguvu ya kadiri, kisha paka mafuta ya mgando juu yake. Fuata pia waya wa hasi mpaka pale ulipofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Usafishe na huko. Magari si haba yaliyoambiwa yana betri mbovu yamepona kwa kazi hii ya nusu saa.

VIPIMO VITATU

Kama gari bado lina ugonjwa, chukua mita. Waya mweusi uchomekwe penye neno COM, mwekundu penye V. Zungusha kitufe mpaka penye V yenye mstari ulionyooka, si ile yenye wimbi. Kama kuna namba, chagua 20. Ncha nyekundu iguse kichwa cha chanya, nyeusi kichwa cha hasi. Andika kila namba kwenye karatasi.

Kipimo cha kwanza ni cha alfajiri, kabla gari halijaguswa, injini ikiwa imelala usiku kucha. Volti 12.6 au zaidi kidogo: betri imeshiba. Volti 12.4: imebaki kama robo tatu. Volti 12.2: nusu. Volti 12.0: robo. Volti 11.8 au chini yake: ghala ni tupu. Kama mita inasoma karibu 10.5, na betri imekwisha kuchajiwa, shaka ni kwamba chumba kimoja kati ya sita kimekufa, na betri ya namna hiyo haiponi.

Kipimo cha pili ni wakati wa kupiga stata. Mtu mmoja apige stata, mwingine asome mita. Namba itashuka, hilo ni jambo la kawaida. Lakini kwa betri iliyoshiba isishuke chini ya volti 9.6. Kama asubuhi ulisoma 12.6, na wakati wa stata inaanguka mpaka 8 au 7, basi ghala limeoza: kwa nje laonekana limejaa, lakini ndani ni makapi. Hapo shaka kubwa ni betri. Lakini kama asubuhi ulisoma 12.0, kipimo hiki hakikuambii neno, maana hata betri nzima ikiwa na njaa huanguka. Ichajiwe kwanza, ndipo upime.

Kipimo cha tatu ndicho kinachompima mkulima. Injini iwake, uikanyagie mafuta kidogo, kisha usome. Namba njema ni kati ya volti 13.8 na 14.5. Halafu washa taa kubwa na feni, usome tena. Isishuke chini ya 13. Kama mita inasoma 12.5 na inazidi kushuka polepole kadiri injini inavyokwenda, basi altaneta haileti kitu; gari linakula akiba. Na kama inasoma zaidi ya 15, hilo nalo ni ugonjwa: altaneta inalisha kupita kiasi. Betri itachemka, itakauka maji, na pengine utasikia harufu ya yai viza. Zima gari, acha betri ipoe, umwite fundi.

Neno moja kwa wenye magari ya miaka ya karibuni. Katika baadhi yake kompyuta ya gari ndiyo inayoiamuru altaneta ilete kiasi gani, na pengine huipumzisha kwa makusudi. Kwa hiyo usiihukumu kwa kusoma mara moja. Washa taa kubwa, ngoja kidogo, soma mara mbili tatu.

Kama altaneta yasoma 14 na zaidi lakini betri yasoma 13 tu, umeme unapotea njiani. Ili kuhakikisha, injini ikiwa inawaka na taa zikiwaka, gusa kwa ncha moja ya mita msumari wa altaneta unaotoa umeme, na kwa ncha nyingine kichwa cha chanya cha betri. Mita haifai kuonyesha zaidi ya volti 0.3 hivi. Ikizidi, kuna waya mbovu au kibanio kichafu kati yake, wala altaneta haina hatia.

ASIYE NA MITA

Asiye na mita asikate tamaa. Jioni, simamisha gari mbele ya ukuta, washa taa kubwa, kisha piga stata. Taa zikififia mpaka karibu kuzimika na stata ikavuta kwa shida, betri ina njaa, au njia imeziba. Taa zikibaki na mwanga wake wote lakini stata hainguruki kabisa, betri haina kosa. Shaka iwe juu ya stata yenyewe, swichi au nyaya zake. Injini ikisha kuwaka, kanyaga mafuta kidogo: taa zikiongeza mwanga, altaneta yafanya kazi. Zisipobadilika hata kidogo, ni vema kutafuta mita kwa jirani upate hakika.

DESTURI MOJA YA KUACHWA

Kuna jambo linalofanywa mpaka leo chini ya miembe mingi. Injini ikiwa inawaka, mtu anafungua waya mmoja wa betri. Injini ikiendelea kuwaka, anasema altaneta ni nzima. Ikizimika, anasema ni mbovu. Desturi hii ilitoka katika siku za dinamo.

Ndugu msomaji, usikubali gari lako lifanyiwe hivyo. Altaneta inapoondolewa betri ghafula, volti hupanda kwa kishindo, kwa maana betri ndiyo iliyokuwa inalipoza wimbi lile. Kishindo hicho chaweza kuvunja diodi za altaneta na kuunguza kompyuta ya gari. Tena cheche hutoka hapo hapo juu ya betri yenye hewa ya kulipuka. Gari lililokuwa na mkanda uliolegea sasa lina magonjwa matatu. Mtu akinyosha mkono kufanya hivyo, mwambie kwa upole, "Fundi, tafadhali tupime kwa mita."

PANYA WA USIKU

Sasa tuseme betri ni nzima, altaneta yaleta volti 14, vichwa ni safi, lakini kila asubuhi ghala ni tupu. Hapo kuna panya.

Hesabu hii yafaa kujulikana. Taa ndogo ya ndani ya gari, ya wati 5, hula karibu ampea 0.4. Yaonekana si kitu. Lakini kwa saa 24 imekula karibu ampea-saa 10, na kwa siku mbili karibu 20. Betri ya pikapu ndogo pengine ni ya ampea-saa 50. Siku mbili tu za mlango usiofungwa sawasawa, na karibu nusu ya ghala imekwenda! Kwa hiyo anza na vitu rahisi: taa ya ndani, taa ya kabati la mbele, redio iliyofungwa na fundi wa mtaani, kengele ya wezi, waya wa kuchajia simu. Kitu kilichoongezwa baadaye ndicho cha kushukiwa kwanza.

Ukitaka kumkamata panya kwa mita, zima kila kitu, funga milango, toa ufunguo. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, na kitufe kwenye A yenye mstari ulionyooka. Fungua waya wa hasi wa betri, kisha weka mita katikati: ncha moja kwenye waya uliofungua, nyingine kwenye kichwa cha hasi. Ngoja nusu saa au hata saa nzima, maana magari ya kompyuta huchelewa kulala. Katika magari mengi mita isizidi ampea 0.05. Ikizidi, toa fyuzi moja moja na kuirudisha mahali pake. Fyuzi ambayo ukiitoa namba inaanguka, hiyo ndiyo njia ya panya. Kama fyuzi zote zimejaribiwa na namba haishuki, shaka iwe juu ya altaneta au waya usiopita kwenye fyuzi.

Katika kipimo hiki usipige stata wala usiwashe taa kubwa, utaunguza mita. Na ukimaliza, rudisha waya mwekundu wa mita mahali pake pa V. Ukisahau, ukagusa betri, mita itaungua.

Kumbuka pia kwamba hata gari zima hula kidogo kila siku. Gari likisimama majuma matatu bila kuwashwa, si ajabu likishindwa kuwaka. Hapo hakuna ugonjwa.

UKIENDA KWA FUNDI

Ukisha kupima, nenda kwa fundi umeme na karatasi yako. Usimwambie, "Gari halichaji." Mwambie, "Asubuhi nasoma 12.1. Injini ikiwaka nasoma 12.4, na taa ya betri haizimiki. Mkanda ni imara, vichwa nimesafisha." Fundi mwema atashukuru, kwa maana umempunguzia nusu ya kazi. Na yule mwenye tamaa ataona kwamba hawezi kukuuzia usichohitaji.

Na usikubali upesi kununua altaneta nzima. Mara nyingi kilichokwisha ni kaboni zake tu, au regyuleta, au beringi, na vitu hivyo hubadilishwa. Uliza kwanza. Kuuliza si ujinga. Akisha kutengeneza, pima tena mbele yake kabla ya kulipa: volti 14 au karibu yake, taa zikiwaka.

KULITUNZA GHALA

Betri ya gari iliyotunzwa hudumu miaka 3 mpaka 5 hivi, na joto kali huipunguzia maisha. Kama yako ina vifuniko vya kufungua, tazama maji kila mwezi. Sahani zisionekane kavu. Ongeza maji yaliyokenekwa, yanayouzwa kwa ajili ya betri, wala si maji ya kisima, yenye chumvi, wala si asidi. Dukani uliza waziwazi, "Haya ni maji matupu au ni asidi?" kwa sababu chupa hufanana.

Betri ikiisha kabisa, usitegemee altaneta kuijaza. Altaneta imeumbwa kurudisha kidogo kilicholiwa na stata. Ukiitaka ijaze ghala tupu, yaweza kuungua. Peleka betri kwa mwenye chaja, ichajiwe polepole. Ya ampea-saa 50 yatosha kuchajiwa kwa ampea 5. Tena usiiache tupu siku nyingi, kwa maana chumvi ya risasi huganda juu ya sahani, na baada ya hapo haipokei tena.

Jambo jingine la vijijini: betri ya gari kuingizwa nyumbani ili watu watazame mpira katika televisheni. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa muda mfupi, haikutengenezwa kumaliziwa mpaka chini kila usiku. Ukifanya hivyo mara nyingi, utaiua kweli. Kwa taa na televisheni ya nyumbani kuna betri zake, zile za umeme wa jua.

Na mkiliamsha gari kwa betri ya gari jingine, ziwe zote za volti 12, na mfuate utaratibu huu. Waya wa kwanza: chanya ya betri tupu, halafu chanya ya betri nzima. Waya wa pili: hasi ya betri nzima, halafu chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Kutoa ni kinyume chake. Wenye magari ya gia za kujiendesha wasipoteze nguvu za vijana kwa kusukuma. Kwa kawaida hayawaki kwa kusukumwa.

BETRI ILIYOKUFA KWELI

Basi tuseme umepima yote, na hukumu imetoka: betri imekufa kweli. Nunua nyingine bila shaka moyoni. Lakini ile kuukuu usiitupe nyuma ya nyumba, wala usiivunje ili kuyeyusha risasi yake kwa vizito vya nyavu. Risasi ni sumu, na vumbi na moshi wake huharibu ubongo wa watoto. Katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, kwa sababu ya risasi ya betri kuukuu iliyochanganyika na udongo wa mahali walipoishi. Na huko Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu, mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Irudishe betri yako kwa muuzaji unaponunua mpya; wengi huzichukua na kukupunguzia bei.

Basi, ndugu wasomaji, kesho alfajiri, kabla ya kuwasha gari, pimeni mara moja na kuandika namba ile ndani ya daftari la gari. Fanyeni hivyo kila mwezi. Siku namba itakapoanza kushuka mtajua mapema, mchana, mkiwa na nafasi ya kutafuta sababu yake, wala hamtajulishwa na stata saa nane ya usiku, mgonjwa akiwa amekwisha kupandishwa nyuma ya pikapu.

Kwaherini mpaka juma lijalo.